Shahidi kutoka Kaptolil

Robinson Mutiso, wakala wa kazi za nje, alikuwa mtu wa kutabasamu. Alitabasamu alipoingia mkahawani, akatabasamu alipovuta kiti, na bado alikuwa akitabasamu Onesmus Barasa alipomuuliza Maryann Jelagat yuko wapi.

"Yuko salama," alisema. "Yuko hapa hapa Riyadh, kwa bosi wake, mtaa wa Malaz. Juzi tu nilipita kumsalimia."

Walikuwa wameketi katika mkahawa wa Wayemeni unaotazama soko la Al-Dirah. Jua la Julai lilikuwa limefagia watu wote njiani, na wenye maduka walikuwa wameshusha milango wakisubiri alasiri. Onesmus alikoroga chai yake bila haraka. Kabla ya kuja Saudia kusimamia walinzi wa nyumba za kupangisha, alikuwa inspekta wa upelelezi Kisumu, na kazi ile ilikuwa imemfundisha kutomsaidia mtu anayetafuta maneno.

"Familia yake haijamsikia siku nyingi," alisema. "Mama yake ana wasiwasi. Ndiyo sababu nimekuita."

"Mwambie mama atulie. Binti ana kazi nzuri, ana chumba chake, ana AC. Na yale aliyoyasema aliyasema kwa hiari yake. Hakuna aliyemlazimisha ajitoe kwenye kesi."

Onesmus aliendelea kukoroga. Hakuwa ametaja kesi yoyote.

"Basi nipe namba yake."

"Simu yake iliharibika."

"Nielekeze nyumbani."

"Kafili wake, huyo bosi aliyemdhamini, hapendi wageni. Si unawajua." Robinson alikuwa ameshasimama. "Yalla, kaka. Nina wasichana wa kupokea uwanja wa ndege."

Alipotoka, Onesmus alimwona kupitia mlangoni akipiga simu kabla hata hajavuka barabara. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

Kesi yenyewe ilikuwa Eldoret. Kaptolil ni uwanda wa nyasi katikati ya msitu, juu kabisa kwenye milima ya Cherangani, na Wasengwer walioishi hapo walikuwa wamefukuzwa na nyumba zao kuchomwa moto. Serikali ilisema ni wavamizi, watu wa juzi walioingia msituni kutafuta malisho. Wao walisema babu zao wamezikwa pale. Maryann ndiye aliyekuwa mlalamikaji wa kwanza, akishika nafasi ya baba yake aliyefariki. Halafu ghafla wakili wa serikali alileta mahakamani video ya Maryann akijitoa kwenye kesi, iliyomfikia kutoka kwa msamaria asiyejitambulisha. Wakili wa wanakijiji, Miriam Cherop, alimpigia Onesmus siku hiyo hiyo. Walifahamiana tangu enzi za Kisumu, Miriam alipokuwa akimhoji kizimbani kwa namna ambayo Onesmus hakupata kuisahau.

"Nitafutie huyu msichana," Miriam alikuwa amemwambia. "Kesi inasikilizwa Alhamisi. Kama alisema kweli, nijue. Kama alilazimishwa, nijue pia. Lakini bila yeye hatuna kesi."

Siku aliyokutana na Robinson ilikuwa Jumatatu.

Soko lilipofunguliwa tena, Onesmus alikutana na Risper Jebet mbele ya duka la mabaibui. Risper alikuwa msafishaji katika shule ya wasichana na alizaliwa Kaptolil. Yeye na Maryann walikuja kwa ndege moja.

"Afande," alimsalimu, nusu kwa mzaha. "Umempata?"

"Bado. Kwanza niambie, nani aliwaleta huku?"

"Robinson. Alikuja mpaka kambini, pale tulipohamia baada ya kuchomewa. Akasema kazi zipo Saudia, hatulipi kitu. Watu walipanga foleni, weh! Lakini akatuchukua watatu tu. Mimi, Maryann na Selipher."

"Wengine walikosa nini?"

"Hata mimi nilishangaa. Kulikuwa na wasichana wamesoma kutushinda."

"Kati ya wote waliopanga foleni, ni nani walikuwa na majina yao kwenye kesi?"

Risper alianza kuhesabu kwa vidole. Mkono wake ulipanda mdomoni.

"Sisi watatu," alisema.

Mwaka huo wa 2019 mawakala walikuwa wamejaa kila mji mdogo wa Kenya, wakiandikisha wasichana kwa mamia. Mtu angeweza kuwaficha watatu katika wimbi hilo bila yeyote kugutuka. Onesmus aliona sasa kwamba Wakaptolil walikuwa wamefukuzwa mara mbili, mara ya kwanza kwa moto, ya pili kwa tiketi ya ndege.

Alitoa simu na kufungua ile video. Maryann alikuwa ameketi dirishani, kitambaa kichwani, macho chini. *Mimi Maryann Jelagat ninajitoa kwenye kesi ya Kaptolil. Watu wetu hawakuwahi kuishi ndani ya msitu. Tuliingia juzi kutafuta malisho.* Basi. Ilikuwa fupi kama salamu.

"Usimtazame yeye," Onesmus alisema. "Tazama kioo nyuma yake."

"Kina maji."

"Matone yanateremka. Yako ndani au nje?"

Risper alisogeza simu karibu. "Pazia limegusa kioo na halijalowa. Yako nje."

"Hapa Riyadh umewahi kuona dirisha linatoka jasho kwa nje mchana, wakati wa joto?"

"Hapa? Hapa hata midomo inapasuka kwa ukavu."

"Kwa hiyo ndani kuna baridi ya AC na nje kuna hewa yenye maji. Huo ni mji wa pwani. Robinson amenidanganya."

"Jeddah!" Risper alimshika mkono, kisha akauachia upesi na kutazama huku na huku. "Bosi wake, Adnan, ana mama yake Jeddah. Mgonjwa wa magoti. Maryann aliniambia huenda wakampeleka akamtunze. Mtaa wa Hindawiyya. Alisikia kwamba ukipanda kwenye paa la nyumba unaona kreni za bandari."

Onesmus aliomba ruhusa kazini, akachukua ikama yake, yaani kibali cha ukaazi, na barua ya bosi wake, na kesho yake alikuwa kwenye kiti cha mbele cha lori la Absalom Owuor, dereva aliyekuwa akipeleka shehena Bandari ya Jeddah. Jangwa lilipita pande zote mbili, kahawia na tupu. Absalom alikuwa mtu wa maneno mengi na safari ile ilimfaa.

"Mimi nakwambia ni kafili," alisema. "Amemfungia ndani, akamwambia sema hivi ama hurudi kwenu. Hiyo ndiyo iko."

"Kafili atafaidika nini na msitu wa Cherangani?"

"Wamemlipa."

"Huenda," Onesmus alisema. Na kweli, njia nzima hakuwa na jibu bora zaidi. Video ilipigwa ndani ya nyumba ya watu. Mtu hapigi video sebuleni mwa mwenyewe bila mwenyewe kujua.

Jumatano asubuhi Absalom alimshusha kwenye lango la ghala moja karibu na bandari. Hewa ilimshika uso kama taulo lililochovywa kwenye maji ya moto. Mlinzi wa ghala, Wesley Kiplimo, alikuwa rafiki wa Absalom na aliijua Hindawiyya nyumba kwa nyumba.

"Kuna Mkenya kwa Ummu Adnan, mama yake Adnan," Wesley alisema. "Namwona asubuhi kwa duka la mikate. Nimemsalimia Kiswahili, nikamsalimia hata Kikalenjin. Hajibu. Anachukua mkate, anaenda."

"Anaonekana kupigwa?"

"Hapana. Anaonekana mtu aliyefiwa."

Wesley alishauri wamngoje kwenye duka la mikate. Onesmus alikataa. Mwanamume mgeni akionekana barabarani akizungumza na mfanyakazi wa nyumba, anayeingia matatani ni mfanyakazi. Alitaka kubisha mlangoni, mchana, na kumuulizia mwenye nyumba. Wesley, ambaye humbebea Ummu Adnan mitungi ya gesi, alikubali kumtambulisha.

Ummu Adnan aliwapokea katika majlisi, chumba kirefu chenye magodoro ya kuegemea pande tatu. Mlango aliuacha wazi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye bakora, na aliongea Kiarabu cha Kihijazi, lahaja ya pwani ile, polepole ili mgeni amwelewe.

"Wewe ni wa ofisi?" aliuliza. "Yule mwingine alisema ni wa ofisi."

"Yupi huyo, madam?"

"Yule Mkenya wa kucheka cheka. Alikuja kumkagua msichana. Akasema wazazi wake wamemkumbuka, atampiga picha awasalimie. Nikasema mambo mazuri hayo. Muda wa sala ulikuwa umefika, nikaenda kusali."

Onesmus alihisi dhana ya Absalom, ambayo kidogo kidogo ilikuwa imekuwa dhana yake pia, ikiporomoka. Akaweka simu mbele ya yule mama, akaicheza video, na kumtafsiria neno kwa neno. Alimweleza pia msitu ni upi na nani aliyefukuzwa. Ummu Adnan alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaomba aione tena.

"Hilo ni dirisha langu," alisema. "Hilo ni pazia nililolichagua mimi. Mtu ameingia nyumbani kwangu, amekunywa kahawa yangu, na nikiwa kwenye mswala akamfundisha msichana kukana kwao?" Aligonga bakora sakafuni. "Maryann! Taali!"

Msichana aliyeingia alikuwa mrefu, mwembamba, mikono bado ina maji. Alipomsikia Onesmus akisalimia kwa Kiswahili alisimama pale pale, bega likiwa limegusa ukuta.

"Nimetumwa na Miriam Cherop," Onesmus alisema. "Sikuja na Robinson."

"Robinson pia alisema hakuja na mtu."

"Ni haki yako kutoniamini. Risper anakusalimu. Alisema nikuulize kama bado unalala na soksi."

Maryann alishindwa kujizuia, akacheka kidogo, na kicheko kile kikageuka kilio. Ummu Adnan alimsogezea boksi la karatasi za kufutia uso. Onesmus alingoja.

"Uliyosema kwenye video ni kweli?" aliuliza mwishowe.

"Hapana."

"Alikupiga?"

"Hakunigusa. Alinionyesha picha. Kaka yangu Allan, amefungwa pingu, askari wawili wamemshika. Akasema amekamatwa juzi, na nikisema yale maneno ataachiliwa jioni ile ile. Nikikataa nitamwona kwa jeneza. Nikayasema, uncle. Ningesema chochote."

"Picha unayo?"

"Aliniachia kwa simu hii. Madam ndiye alininunulia baada ya ile ya kwanza kuharibika, lakini Robinson aliniambia nikimpigia mtu yeyote Allan atateseka. Kwa hiyo sijapiga."

Alitoa simu. Onesmus alichukua picha ile na kuitazama kwa muda mrefu, kama alivyozoea kutazama picha za mahali pa tukio: kwanza pembeni, halafu nyuma, na mtu mwenyewe mwisho. Kijana mwenye pingu. Askari wawili. Nyasi ndefu. Nyuma yao, nyumba ya mianzi na udongo, moshi ukitoka paani.

"Hii nyumba ni ya nani?"

"Yetu."

"Iko wapi sasa?"

"Ilichomwa," Maryann alisema. Alimpokonya simu mkononi. "Ilichomwa kabla sijaja huku. Mimi mwenyewe niliiona ikiungua." Alikaa chini sakafuni. "Nilipoona picha, nililia. Nilidhani nalilia Allan. Nilikuwa nalilia nyumba. Niliiona imesimama, na moshi wa mama akipika, na sikufikiria kitu kingine. Sikuona kwamba haiwezi kuwa imesimama."

"Allan aliwahi kukamatwa kabla ya nyumba kuchomwa?"

"Mara moja. Alikutwa na mizinga ya nyuki. Wakamwachilia."

"Basi picha ilipigwa siku hiyo."

Onesmus alipiga simu Eldoret papo hapo, akaweka sauti ya wazi. Miriam Cherop alipokea, akasikiliza, kisha akampa simu mtu aliyekuwa naye ofisini.

"Maryann?" ilisema sauti ya kijana. "Ni mimi Allan. Kwani nani amekwambia nimekamatwa? Niko hapa na mama. Tumekutafuta mpaka tumechoka."

Ummu Adnan hakuelewa lugha, lakini alielewa uso wa msichana. Aligeuka akatazama dirishani mpaka walipomaliza kuzungumza.

Miriam aliporudi kwenye simu alikuwa ameshageuka wakili tena. Angeomba mahakama imsikilize Maryann kwa video kesho. Lakini wakili wa serikali angepinga, na angekuwa na hoja: hata sasa, nani angejua hakuna mtu anayemlazimisha? Kisha akauliza, "Maryann, unajua utasema mbele ya jaji kwamba ulidanganya kwenye ile video? Watakukalia vibaya. Na huko uliko, kafili ana pasipoti yako."

"Najua," Maryann alisema.

"Unaweza kukataa. Tutatafuta njia nyingine."

"Hakuna njia nyingine, wakili. Ningekuwa wewe, nami ningesema hivyo." Alifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Nitasema."

Onesmus alikuwa ameona mashahidi wengi katika maisha yake, wakubwa kwa wadogo, na wengi wao alilazimika kuwasukuma hadi mlangoni pa mahakama. Huyu alikuwa amejisukuma mwenyewe. Alijikuta ameketi wima zaidi.

Alimtafsiria Ummu Adnan. Yule mama alifikiri kidogo.

"Adnan ni mwanangu," alisema. "Pasipoti nitaongea naye mimi. Na yule wa kucheka, akikanyaga tena hapa, nitaita polisi."

Alhamisi, walipangusa meza ndogo ya majlisi na kuegemeza simu kwenye birika la kahawa. Mahakama ya Eldoret ilionekana kwenye kioo, imejaa hadi ukutani. Wakaptolil walikuwa wameshuka mlimani tangu alfajiri, wazee waliojifunga blanketi na wanawake wenye watoto mgongoni, na walipomwona Maryann waliinuka wote kwa pamoja, kimya, mpaka karani alipowaambia wakae.

Wakili wa serikali alikuwa mwanamume mpole mwenye miwani. Alipinga kama Miriam alivyotabiri.

"Mheshimiwa, shahidi yuko chini ya paa la mwajiri wake. Tutajuaje kwamba mwajiri hayuko nyuma ya kamera?"

Jaji alikubali hoja. "Mwajiri atoke chumbani. Bwana Barasa naye atoke. Shahidi azungushe simu tuone chumba chote kitupu."

Onesmus alimweleza Ummu Adnan, akijua anachomwomba. Mama yule alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri.

"Nitoke? Katika majlisi yangu?"

"Samahani sana, madam. Ndiyo sharti."

"Tangu niolewe hakuna aliyenitoa katika chumba hiki." Akashika bakora, akanyanyuka kwa shida juu ya magoti yake mabovu, na kutoka. Onesmus alimfuata. Kwa kuwa hapakuwa na kiti, mama akakaa kwenye ngazi, na Onesmus akasimama ngazi ya chini yake. Mlango ulifungwa, lakini ulikuwa wa mbao nyembamba, na kila neno lilipita.

Maryann alieleza yote. Kambi, Robinson, picha, video. Alisema, "Nilidanganya mahakama, na naomba msamaha kwa mahakama na kwa watu wangu." Hakutafuta sababu ya kujificha nyuma yake, ingawa alikuwa nayo. Wakili wa serikali alimuuliza maswali magumu kwa sauti ile ile ya upole, na yeye akayajibu moja moja, akikiri asichokijua. Mwishowe wakili akabadilisha njia.

"Tuseme tuiweke kando video. Bi. Jelagat, hukukamatwa kupelekwa Saudia. Ulipanda ndege kwa miguu yako. Sasa umekaa nchi ya watu, unafanya kazi. Huko Kaptolil hakuna nyumba yako hata moja. Mtu aliyeondoka, akaacha mahali patupu, anawezaje kuiambia mahakama hii kwamba mahali hapo ni pake?"

Onesmus kwenye ngazi alishika ukuta.

"Mheshimiwa," ilisema sauti ya Maryann, "hiki chumba nilichokaa ni cha madam wangu. Ni mzee, magoti yanamuuma. Ameambiwa atoke, ametoka, amekaa kwenye ngazi. Chumba hiki sasa hakina mtu ila mimi, mgeni. Akirudi, mtamwita mvamizi?"

Kisha kupitia simu, kutoka ng'ambo ya bahari, kulisikika kishindo cha watu wakipiga miguu sakafuni, na karani akiwasihi wanyamaze.

Jaji alichukua muda kuandika. Halafu akasoma uamuzi wake mfupi: video ile isitumike tena, jina la Maryann Jelagat libaki mahali pake kwenye kesi, na polisi wamchunguze Robinson Mutiso pamoja na yeyote aliyemtuma. Wakili wa serikali alisimama akasema hana pingamizi. Kisha, jambo ambalo halikuwa lazima, kama Maryann alivyowasimulia baadaye, akavua miwani na kumwinamia shahidi kichwa.

Ummu Adnan alimvuta Onesmus suruali.

"Nimesikia neno *madam*. Amesema nini juu yangu?"

Onesmus alimtafsiria. Mama yule aliweka viganja vyote viwili juu ya bakora yake. Kutoka kwenye dirisha la ngazi kulisikika honi ya meli bandarini.

"Halas?" aliuliza baadaye. "Naweza kurudi sasa?"

Kabla Onesmus hajajibu, mlango ulifunguliwa. Maryann alikuwa amesimama pembeni ya kizingiti, akiwa ameuvuta mlango hadi mwisho kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa wazi.

"Karibu ndani, madam," alisema. "Ni kwako."